Bia Waliyonimwagia Kichwani

Ilunga alizikwa Jumanne, na mimi nilifika Kolwezi Jumatano, kwa sababu basi la kutoka Fungurume liliharibika njiani, na mtu mwenye miguu kama yangu hakimbilii gari lingine. Kwa hiyo sikumwona rafiki yangu akishuka kaburini. Nilikuta matanga tu: turubai la bluu, viti vya plastiki, wanaume wakibishana habari za kobalti kana kwamba marehemu aliwaita kwa ajili hiyo, na akina mama nyuma ya nyumba wakisonga bukari, ugali wa kwetu, kwenye masufuria makubwa. Mama Ngoie, mjane wake, aliniona nikipambana na fimbo yangu kwenye kokoto. Akainuka mkekani, jambo ambalo mfiwa hatakiwi kufanya, akaniletea mwenyewe kiti na chupa ya limonadi, akaketi karibu nami na kuniambia neno moja kuhusu baba yangu. Neno hilo nitaliweka mwisho, kwa sababu bila kuujua ule mwaka wa miguu yangu halina uzito. Na ule mwaka sikuwahi kumsimulia mtu akausikia wote. Watu wakiiona fimbo huuliza, "Ajali ya mgodini?" Nami hujibu ndiyo, maana hapa kwetu jibu hilo linatosha na halileti swali la pili.

Haikuwa mgodi. Yalikuwa maji. Ulikuwa mwaka ule tulipoambiwa tuache majina ya Kikristo na kuitana "citoyen", yaani raia, hata walevi wawili wakigombana barabarani walianza kwa kuitana "citoyen" kabla ya ngumi. Mimi sikuwa na jina la kuacha, Amisi nilikuwa na Amisi nikabaki, lakini Ilunga aliacha lake bila kulia. Tulikuwa vijana wa atelie moja, karakana ya mafundi wa pampu. Kwenye baraji la Lualaba, lile bwawa la umeme, magugu na magogo yalikuwa yanaziba vyuma vya kuchujia maji, na wazungu waliokuwa wakishuka kuvisafisha walikuwa wanaondoka mmoja mmoja kurudi kwao. Wakuu wakataka wapiga mbizi wa hapa hapa. Wakauliza nani anajua kuogelea. Mimi nilijua vizuri. Ilunga alijua kwa kiasi cha kutokufa, lakini aliinua mkono kwa sababu mimi nimeinua wangu. Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyokuwa, na sasa ninapokumbuka nadhani mimi sikuwahi kuinua mkono kwa sababu yake hata mara moja.

Tulifundishwa kwenye banda la mabati kando ya ziwa la baraji, lenye harufu ya mpira, mafuta na soksi mbichi. Mwalimu wetu alikuwa mzungu mnene mwenye shingo nyekundu, aliyejifunza kazi hiyo baharini. Sisi tulimwita Moniteur tu. Mchana tulikula naye samaki waliokaangwa na mke wa mlinzi, na bukari, ambayo aliifinyanga vibaya mpaka ikamshika kwenye nywele za mkono. Siku moja baada ya kula alichukua chupa ya limonadi, akaitikisa, akaifungua kwa ghafla. Povu likaturukia sote. Akachukua ya pili, akaitikisa vilevile, halafu akaifungua polepole, kidogo, kidogo, gesi ikatoka kama mtu anayepumua usingizini, na hakuna tone lililomwagika. "Hii chupa njo damu yako," alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni. "Kule chini hewa inaingia mu damu. Ukipanda polepole, inatoka muzuri. Ukipanda mbio, inafanya povu mu mwili." Akatutajia dalili kwa vidole: kuumwa viungo, kuwashwa ngozi, kuchoka bila sababu, ganzi, miguu kukataa kazi. Halafu akasema jambo ambalo Ilunga alilirudia maisha yake yote, kwa sauti ile ile ya pua: "Mwanafunzi iko na ugonjwa moja mubaya: haya. Kitu inauma, sema. Kitu inawasha, sema. Hata kama unawaza ni kitu ingine, sema."

Alikuwa mwalimu mzuri, na sina ugomvi naye. Daktari mmoja alinieleza miaka mingi baadaye kwamba hesabu za Moniteur, za muda wa kukaa chini na muda wa kupumzika wakati wa kupanda, zilikuwa hesabu za baharini, na sisi tuko juu sana, kwenye uwanda ambako hewa ni nyepesi na ile chupa hufunguka mapema zaidi. Labda mzungu wa watu hakujua. Labda alijua akasahau, kwa sababu ziwa likiwa limetulia nalo hujifanya bahari. Nilipoelezwa hayo nilicheka, daktari akaniangalia vibaya. Nilicheka kwa sababu miaka yote hiyo nilikuwa natafuta wa kumlaumu, na kumbe hata mlima ungeweza kulaumiwa.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Gogo kubwa lilikuwa limekwama kwenye vyuma, na kwa mara ya kwanza mimi na Ilunga tulishuka kufanya kazi ya kweli, si mazoezi. Ilunga aliugua sikio akapandishwa mapema. Mimi nilishuka, nikapanda, nikashuka tena, na tena, kufunga kamba, kuikata, kuifunga upya. Chini kule kulikuwa na giza la rangi ya chai, na gogo lilikuwa linaguna. Mara ya mwisho hewa ya chupa ya mgongoni ilianza kuwa nzito kuvuta. Tulikuwa tumefundishwa kwamba usiyapite mapovu yako madogo, panda nyuma yake kama mtoto nyuma ya mama. Niliyapita. Nilitoka juu ya maji kwa kishindo, nikatoa mpira mdomoni, nikacheka, na juu ya ukuta wa baraji atelie nzima ikapiga makofi kwa sababu gogo lilikuwa linaelea kando yangu kama mamba aliyekufa. Sijawahi kupigiwa makofi tena.

Sasa, anayeijua Katanga anajua kwamba kazi mpya haianzi kavu. Mtu akipanda cheo, akinunua baiskeli, akizaa, "anaarosha", yaani lazima bia inywewe juu ya jambo hilo, na anayekwepa ataonekana mchoyo au mchawi. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa Assani, ambaye lori lake lilikuwa na Bismillahi kwenye paji la uso, kutoka Kolwezi mpaka Lubudi kila mtu alilijua. Sikuwa nimeonja pombe na sikutaka kuionja. Pale kwenye banda la mabati ukazuka mjadala kama wa mahakama. Mkuu wa atelie, citoyen Mutombo, mzee mwenye tumbo na utani, ndiye aliyetoa hukumu. "Amisi hatakunywa," alisema. "Tunaheshimu. Lakini juu ya nini kazi yake ikauke? Bamumwangie bia ku kichwa. Mwili haiko na dini." Wakashangilia. Ilunga, kwa kuwa ndiye mwenzangu wa majini, akapewa chupa. Alinimwagia yote, akaongezewa nyingine akanimwagia nayo. Povu likaingia masikioni, likashuka mgongoni mpaka kwenye suruali. Mkononi nilikuwa nimeshika limonadi yangu, nikainywa huku nimefumba macho. Nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu analijua hilo, tulishaligombania likaisha.

Hapo ndipo dalili zilipoanza kuja, na kila dalili ilikuja na wakili wake. Ngozi ya tumbo na mabega ilianza kuniwasha: ni bia inakauka. Bega la kulia likauma kwa ndani, uchungu wa jino: ni chupa ya chuma niliyobeba tangu asubuhi. Nikachoka hivi kwamba nilitamani kulala chini pale pale kati ya watu: ni kazi, nani asingechoka? Nilizijua dalili zote kwa vidole kama alivyozitaja Moniteur. Lakini yeye alikuwa ameshaingia kwenye gari lake, na wenzangu walikuwa wanaimba jina langu. Mtu anayeimbwa hasemi bega linamuuma. Niliwaaga mapema, nikasahau hata makandambili yangu, nikapanda nyuma ya lori la wafanyakazi pekupeku.

Nilipotelemka Manika, mtaani kwetu, miguu ilikuwa ya mtu mwingine. Niliiona ikitembea, nikashangaa inakwenda wapi. Watoto wa mtaa wakanifuata wakiimba, "Mulevi ee, mulevi!" Baba alikuwa uani, amekunja suruali, anatawadha kwa ajili ya alasiri. Aliinua kichwa. Harufu ilimfikia kabla yangu.

"Amisi. Unatoka wapi?"

"Ku ziwa, baba. Balinimwangia bia. Mi sikunywa."

"Balikumwangia," alirudia, taratibu. "Bia inaamuka yenyewe mu chupa, inapanda ku kichwa ya muntu."

Nilitaka kusimama wima ili aone kwamba niko sawa. Goti la kushoto likakataa. Nikaangukia kopo la maji yake ya udhu, maji yote yakamwagika miguuni pake. Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliyaangalia yale maji yakizama mchangani, akasema bila kunitazama, "Mulevi halale mu nyumba banasalia." Kaka zangu wawili wakanishika kwapani, wakanilaza kwenye depo, ghala la mizigo ya lori, kati ya magunia ya mahindi na vitunguu vya safari ya Jumatatu.

Mama aliniletea bukari na sombe ya majani ya muhogo, akasimama mlangoni akisubiri nile. "Kula, mutoto yangu. Pombe haipende tumbo mutupu." Alisema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko maneno ya baba, kwa sababu hata yeye alikuwa ameshaamini. Nilikuwa nimesema ukweli mara moja. Sikuusema mara ya pili. Nilijiambia, kama hawanijui miaka yote hii, sitajieleza kama mwizi. Nikageukia magunia. Kupitia ukutani niliwasikia wanaongea wakati wa chakula. Baba alikuwa anasema kwamba sasa atapita vipi Fungurume, watu wakisoma paji la lori lake. Mama akajibu, "Ni kijana tu. Itapita." Nami nilijiambia hivyo hivyo, itapita, na ganzi ikapanda kutoka kwenye nyayo mpaka magotini, na nilipotaka kukojoa kwenye kopo sikuweza, nikasema hilo nalo litapita, nikalala.

Nimeyapanga mambo haya mara nyingi kichwani, na kila mara naona kitu kile kile. Kule ziwani walikuwepo watu waliojua kwamba sikunywa, lakini hawakuniona nikiyumba. Nyumbani walikuwepo watu walioniona nikiyumba, lakini hawakujua kwamba sikunywa. Ukweli ulikuwa umekatwa vipande viwili kama mkate, na kati ya kipande na kipande kulikuwa na safari fupi tu ya lori, na hakuna aliyeifanya mpaka kesho yake.

Aliyeifanya ni Ilunga, na hakuja kwa ajili yangu, alikuja kwa ajili ya makandambili. Ilikuwa Jumapili, ametoka misa, amevaa suti yake ya rangi ya majivu yenye mikono mifupi. Nilimsikia anamwamkia mama uani.

"Jambo, mama. Amisi iko? Alisahau bilatu yake."

"Iko amelala mu depo. Alikuya jana amelewa, hata kusimama hapana. Na leo hataki kuamuka. Munamufundisha nini batoto ya bantu, Ilunga?"

Halafu nikasikia sauti ya Ilunga imebadilika. "Mama, Amisi hakunywaka. Alikunywa limonadi. Bia, ni mi njo nilimumwangia ku kichwa." Makandambili yakaanguka chini. "Mama. Munasema hasimamake?"

Aliingia depo mbio, akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake ya misa. Akaniuliza maswali kwa haraka na mimi nilijibu kama mtu anayejibu mtihani alioukimbia jana. Bega? Linauma. Ngozi? Iliwasha. Umekojoa? Tangu jana, hapana. Akatoa ufunguo mfukoni.

"Nikikwaruza, sema."

"Sawa."

Nikasubiri. "Basi anza," nikamwambia.

Nikainua kichwa kidogo, nikaona ufunguo uko kwenye unyayo wangu, na mstari mweupe tayari umechorwa kutoka kisigino mpaka vidoleni. Ilunga alikuwa analia bila sauti. Nyuma yake, mlangoni, alikuwa amesimama baba.

"Tata," Ilunga alimwambia, akimwita baba kwa heshima, "haiko mulevi. Ni ile maji. Povu iko mu damu yake. Tumupeleke sasa, alale sawasawa, asikae."

Baba alipita juu ya magunia, akaniinua mikononi kama kitoto, mimi mwanamume mrefu kumpita, akanibeba mpaka kwenye lori na kunilaza juu ya godoro lake mwenyewe. Aliendesha polepole, akikwepa kila shimo, yeye aliyekuwa akisifiwa kwa mbio. Hospitali walinipa oksijeni na maji ya mshipa, na ilipofika mchana nilianza kuhisi kidole gumba cha mguu wa kulia, kikichoma kama moto, na nikafurahi kwa ule moto. Chumba kile cha chuma ambacho mpiga mbizi hurudishwa ndani yake ili povu liyeyuke tena hakikuwepo kwetu, na mpaka watu wapigiane simu na kutafuta ndege, muda wake ulikuwa umepita. Moniteur alikuja ameshika kofia, shingo imekuwa nyeupe. "Juu ya nini haukusema?" aliniuliza.

"Nilisema," nikamjibu, na nilimwangalia baba. "Hawakunisadiki."

Daktari alikuwa anamweleza Moniteur kwa Kifaransa kwamba kijana angeletwa jana, ndani ya saa za kwanza, apewe hewa ile mapema, huenda angetoka akitembea. Baba alikuwa mlangoni. Watu walidhani hajui Kifaransa. Alijua cha kutosha kubishana na polisi wa barabarani. Akatoka, akakaa kwenye korido mpaka walipomfukuza.

Sehemu iliyobaki ya mwaka ule niliipitisha uani kwetu, nikijifunza kutembea. Baba alichimbia mabomba mawili ya chuma sambamba, nikawa nayashika na kujikokota katikati. Ilunga alikuja kila jioni baada ya kazi, akatembea mbele yangu kinyumenyume, akinitukana ili nikasirike nimfuate. Kwenye bomba la maji majirani walisema mamba-muntu, yule mwanamke-samaki wa majini, amekula miguu yangu, na kwamba nimkubali tu kuwa mke wangu, atairudisha na utajiri juu yake. Baba hakuomba radhi, wala hakusema tena neno mulevi. Lakini kila alipotoka safari, kabla hata ya kunawa, alikuja nilipokaa, akainama, akaleta uso wake karibu na wangu mpaka nikasikia ndevu zake, akavuta pumzi kwa pua, halafu akanyooka na kwenda zake. Kila jioni. Nilijua anafanya nini: ananinusa. Bado anatafuta pombe, nilijiambia, bado hajasadiki, na miguu yangu haijamtosha kuwa ushahidi. Nikaanza kugeuza uso ukutani nikisikia lori linaingia. Aliendelea kuinama hata hivyo, akinusa shavu na sikio, na jambo hili liliendelea miaka, hata nilipokuwa na mke na duka langu la kutengeneza redio kule Fungurume. Alikufa Lubudi, ndani ya lori lake, injini ameshaizima. Nilimwosha nikiwa nimekaa kwenye kigoda, na sikulia.

Sasa niseme alichoniambia Mama Ngoie. Alisema, baada ya ule mwaka baba alikuwa akipita kwao mara kwa mara, anakunywa chai, halafu anamuuliza Ilunga swali moja tu. "Una hakika hakunywaka? Hata chupa moja?" Ilunga anaapa. Wiki nyingine anarudi: "Hata kidogo, Ilunga? Banaweza kumutilia mu limonadi." Ilunga anaapa tena, mpaka siku moja akakasirika, akamwambia, "Tata, juu ya nini hamumusadiki mutoto yenu?"

"Na Tata Assani akalia," Mama Ngoie aliniambia, akishika mkono wangu ulioshika fimbo. "Akasema: 'Namusadiki. Ni ile njo inaniua. Kila siku namunusaka, naomba Mungu anipe ile harufu. Angelikuwa mulevi, angeliamuka kesho yake akatembea.'"

Vijana walikuwa wanapitisha bia chini ya turubai. Mmoja alininyoshea chupa, akaiona kofia yangu, akairudisha kwa aibu. Mtu aliyeandika Bismillahi kwenye paji la lori lake aliinama kila jioni juu ya mwanawe akimwomba Mungu akute pombe, na kila jioni hakuikuta. Na mimi nilikuwa nageuza uso ukutani.